Beji za Uanachama za Wajerumani: Kumtambua Mtengenezaji na Kuitambua Iliyo Bandia

Wakazi wa pande zote mbili za mpaka wameuziana ng'ombe, ndizi, samaki na vitenge tangu kabla mpaka wenyewe haujachorwa. Biashara ya "mali za Mjerumani" nayo si ngeni kwetu. Wapo waliochimba chini ya mibuyu na miembe ya zamani wakitafuta dhahabu inayosemekana ilifichwa na Wadachi walipokuwa wakikimbia, na wapo waliouziwa sarafu za rupia zilizosubiwa juzi kwenye karakana ya nyuma ya nyumba. Makala haya yanahusu tawi dogo la biashara hiyohiyo, ambalo watu wengi hawalifahamu na kwa sababu hiyo hudanganywa kwa urahisi: vibeji vya chuma vyenye alama ya swastika au maandishi ya Kijerumani, ambavyo muuzaji huviita medali za vita.

Udanganyifu wenyewe ni wa kale. Kilichobadilika ni bidhaa. Mtu wa kwanza hupiga simu, au hupita dukani, akijitambulisha kuwa wakala wa Mzungu anayekusanya vitu vya kale. Hauzi chochote, anaulizia tu. Ukisikia mahali penye beji ya Mjerumani, husema, nijulishe, tajiri wangu atalipa kwa dola. Siku chache baadaye hutokea mtu wa pili, mwenye sura ya mkulima na mfuko wa nailoni mkononi, akiwa na beji ileile iliyoulizwa. Huyu hajui thamani yake, au ndivyo anavyojifanya. Mwananchi hupiga hesabu, huuza ndama, hukopa fedha za kikundi cha kuweka na kukopa, hununua. Kisha simu ya wakala haipatikani. Wakala na mkulima ni timu moja, na kwa kuwa mmoja ametoka ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile, kila mmoja hurudi kwao akitumaini kwamba polisi wa upande wa pili hawatamfuata.

Hatukusudii kumfanya kila msomaji kuwa mtaalamu wa vitu vya kale. Tunakusudia awe na maswali ya kutosha ya kumfanya tapeli afunge mfuko wake aende zake.

Vita vipi?

Swali la kwanza halihitaji kioo cha kukuzia wala mizani ya sonara. Muulize muuzaji: beji hii ni ya vita vipi?

Vita vilivyopiganwa katika ardhi yetu kati ya Wajerumani na Waingereza na Wabelgiji ni Vita Kuu vya Kwanza, vya mwaka 1914 hadi 1918. Wakati huo Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mto Kagera ulikuwa mstari wa mapambano. Mwezi wa Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka Ziwa Viktoria na kuushambulia mji wa Bukoba. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Vitu vilivyobaki ardhini kutokana na vita hivyo vinajulikana: vifungo vya sare, maganda ya risasi, sarafu za heller na rupia, pamoja na sarafu za dharura zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916 baada ya fedha kutoka Ulaya kukosa njia.

Chama cha Nazi kilikuwa bado hakijazaliwa. Kilianza kama kikundi kidogo mjini München mwaka 1919, kikabadili jina mwaka 1920, na mwaka huohuo kikaichukua swastika kuwa alama yake. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba beji yenye swastika ilifukuliwa kwenye kaburi la askari wa Mjerumani aliyekufa mwaka 1916, huna haja ya kuitazama zaidi. Hakuna askari aliyeweza kuzikwa na alama ya chama ambacho hakikuwapo. Hadithi ya babu askari ndiyo inayosimuliwa mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayoanguka mapema kuliko zote.

Hapa inafaa kutahadharisha jambo moja. Swastika ni alama ya kale sana ya dini za Wahindu na Wajaini, na bado huchorwa kwenye milango ya maduka, vitabu vya hesabu na kadi za harusi za ndugu zetu wenye asili ya Kihindi. Aghalabu huwa imesimama wima, mara nyingi ikiwa na nukta nne kati ya mikono yake, na maana yake ni baraka. Haihusiani hata kidogo na chama tunachokizungumzia. Mfanyabiashara asisumbuliwe kwa ajili ya alama ya dini yake.

Je, beji halisi ya chama hicho inaweza kupatikana Afrika Mashariki? Inaweza, ila si kwa njia ya kaburi la askari. Baada ya mwaka 1925 Waingereza waliwaruhusu walowezi wa Kijerumani kurudi Tanganyika, nao wakalima katani, kahawa na chai katika sehemu za Usambara, Kilimanjaro na nyanda za juu za kusini. Miaka ya 1930 chama cha Nazi kilifungua matawi miongoni mwao. Vita vya Pili vilipoanza Septemba 1939 walowezi hao walikamatwa na kuwekwa kizuizini, mashamba yao yakashikwa na serikali kuwa mali ya adui. Huko Ujerumani nako kilikuwapo chama cha umma kilichoitwa Reichskolonialbund, kilichoundwa mwaka 1936 kudai makoloni yarudishwe, ikiwamo ardhi tunayoishi sisi leo, na kikavunjwa mwaka 1943. Beji yake ina umbo la ngao, yenye msalaba mweusi na nyota za msalaba wa kusini juu ya pembe nyekundu. Beji kama hizo zinaweza kukutwa kwenye droo ya nyumba ya zamani ya mlowezi au ndani ya sanduku lililonunuliwa mnadani. Anayesema alipata yake hivyo anaweza kuwa anasema kweli. Anayesema aliichimba karibu na boma la Mjerumani ana mengi ya kueleza.

Beji si medali

Medali au nishani hutolewa kwa tendo: ushujaa, jeraha, utumishi wa miaka. Beji ya uanachama hununuliwa na mwanachama mwenyewe kwa fedha kidogo, kama mkulima anavyonunua kadi ya chama cha ushirika. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa ndiyo inayoamua wingi wa kitu chenyewe. Kufikia mwaka 1945 chama cha Nazi kilikuwa na wanachama wapatao milioni 8.5. Chama cha wafanyakazi, kilichojulikana kwa herufi DAF, ambacho beji yake ni gurudumu lenye meno likizunguka swastika, kilizidi watu milioni 20. Wengi wao walikuwa na zaidi ya beji moja, kwa sababu mtu alipoteza moja akanunua nyingine, au alitaka moja ya koti la kazini na moja ya koti la Jumapili. Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni hakiwezi kuwa adimu kiasi cha kununuliwa kwa bei ya shamba. Hata ikiwa halisi kabisa, beji ya kawaida ya uanachama ni kitu cha bei ndogo huko Ulaya, na msomaji akilikumbuka hilo peke yake atakuwa amejikinga kwa nusu.

Kuusoma mgongo wa beji

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda huacha alama. Sura ya mbele ya beji ndiyo inayowavutia wanunuzi, lakini anayejua hugeuza beji kwanza.

Beji hizi hazikutengenezwa na chama chenyewe. Zilitengenezwa na viwanda binafsi, vingine vidogo vya familia, katika miji iliyokuwa na ufundi wa vifungo, mapambo na vito tangu zamani: Lüdenscheid huko Westphalia, Pforzheim, München, Stuttgart, Markneukirchen huko Saxony, na Gablonz, ambao leo ni mji wa Jablonec katika Jamhuri ya Cheki. Ili kuvidhibiti viwanda hivyo, chama kilikuwa na ofisi mjini München iliyoitwa Reichszeugmeisterei. Kiwanda hakikuruhusiwa kutengeneza sare au beji za chama bila kibali cha ofisi hiyo, na bidhaa iliyoidhinishwa ilipigwa muhuri wa herufi RZM zilizofungamana ndani ya duara.

Katikati ya miaka ya 1930 muhuri huo uliongezewa namba ya kiwanda. Herufi ya kwanza hueleza aina ya mali: M ni bidhaa za chuma. Tarakimu inayofuata hueleza kundi, na namba baada ya mkwaju humtaja mtengenezaji. Kundi la beji ni M1. Hivyo M1/52 ni kiwanda cha Deschler & Sohn cha München; M1/17 ni F. W. Assmann & Söhne cha Lüdenscheid; M1/34 ni Karl Wurster cha Markneukirchen. Jina la kiwanda halikuandikwa, namba ilitosha. Kabla ya mpangilio huo kukamilika zilikuwapo beji zenye RZM na namba tupu, na za mapema zaidi ambazo hazina RZM kabisa bali zina maneno Ges. Gesch., kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "imelindwa kisheria". Beji ya mwaka 1931 isiyo na RZM si lazima iwe bandia. Yenye maelezo ya mwaka 1931 na muhuri wa M1 ndiyo inayojipinga yenyewe.

Wanaoghushi hukosea hapa mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Huchukua namba kutoka kitu kimoja na kuibandika kwenye kingine. Kundi M7 ni la majambia. M4 ni la bakoli za mikanda. Beji ya kifuani yenye M7 imetengenezwa na mtu aliyenakili bila kuelewa. Vivyo hivyo herufi L ikifuatwa na mkwaju na namba: huo ni mfumo mwingine, ulioanza wakati wa vita, kwa ajili ya nishani za kijeshi zilizouzwa madukani, wala hauna mahali pake kwenye beji ya uanachama. Chama cha ulinzi dhidi ya mashambulizi ya ndege, Reichsluftschutzbund, hakikuwa chini ya ofisi ya München. Kwa hiyo beji zake kwa kawaida zina Ges. Gesch. na jina au alama ya kiwanda. Na beji yoyote yenye neno la Kiingereza "Germany" mgongoni ilitengenezwa kwa ajili ya wateja wa baadaye sana.

Hata hivyo, namba sahihi haithibitishi kitu peke yake. Anayeghushi kwa bidii anaijua M1/52 kama tunavyoijua sisi, na huenda ndiyo anayoipenda zaidi. Namba hukuambia tu ulinganishe na nini. Kila kiwanda kilikuwa na mihuri yake ya chuma ya kugongea, na kila muhuri ulikuwa na tabia zake: unene wa herufi, umbali kati ya mkono wa swastika na ukingo, namna pini ilivyolehemiwa, umbo la ndoano inayoishika. Mtaalamu akitaka kuithibitisha beji ya Wurster huiweka kando ya beji nyingine ya Wurster isiyo na shaka na kuzilinganisha sehemu kwa sehemu. Beji yenye namba ya Wurster na ndoano ya aina ambayo Wurster hakuitumia kamwe ni kama barua yenye saini ya mtu na mwandiko wa mwingine.

Metali, enameli na pini

Beji nzuri za kabla ya vita zilitengenezwa kwa aloi ya shaba nyekundu na zinki, na rangi zake si rangi bali ni kioo. Unga wa kioo chenye rangi ulijazwa kwenye mashimo ya metali, ukachomwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi zinazokaribia 800, ukayeyuka, kisha ukasuguliwa hadi ukawa sawasawa na ukingo wa metali. Hii ndiyo enameli ya moto. Ina kina, nyekundu yake ukiielekeza kwenye jua hung'aa kutoka ndani kama maji ya rosela. Ikigongwa huvunjika kwa kumeguka, kama sahani ya udongo. Enameli bandia ya siku hizi ni plastiki iliyomiminwa: haina kina, huwa imebonyea kidogo katikati au imevimba juu ya ukingo, na ncha ya sindano huacha alama ya kudidimia. (Sindano hiyo tunaitaja ili msomaji aelewe, si ili aitumie, ukiichoma beji halisi ya mtu umeiharibu, na utakuwa na kesi nyingine.)

Vita vilipopamba moto shaba ilihitajika kwa maganda ya risasi na mizinga. Viwanda vikaingia kwenye zinki na aluminiamu, na enameli ikaachwa, mahali pake pakawekwa rangi ya kupaka. Kwa hiyo beji ya miaka ya 1940 inaweza kuwa ya kijivu, nyepesi, yenye rangi iliyobanduka, na bado ikawa halisi. Watu hudhani kizuri ndicho cha kweli. Katika miaka hiyo mara nyingi ilikuwa kinyume.

Jambo la kutazama kwa makini zaidi ni kama beji iligongwa au ilisubiwa. Viwanda vile viligonga bamba la metali kwa mashine nzito kati ya mihuri miwili ya chuma. Matokeo yake ni mistari mikali, sehemu za bapa zilizo laini kabisa, na ukingo uliokatwa safi. Anayeghushi asiye na mashine huchukua beji halisi, huitengenezea kalibu, kisha humimina metali iliyoyeyuka. Kazi hiyo huacha vijishimo kama vya chapati, herufi zenye kona za mviringo, na wakati mwingine mstari mwembamba wa muungano ubavuni. Tena metali hunywea inapopoa, hivyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Beji ya kawaida ya chama ina kipenyo cha karibu milimita 23. Upungufu wa nusu milimita jicho haliuoni, bali rula nzuri ya fundi huuona.

Sumaku husaidia, ila isifanywe hakimu. Shaba, zinki na aluminiamu hazivutwi. Pini ya nyuma huweza kuvutwa, kwa sababu nyingi zilikuwa za chuma. Mwili wa beji ya enameli ukinasa kwenye sumaku, uliza zaidi. Na ukikuta nyuma kuna kijiti kifupi kinachobanwa kwa kibanio chenye mabawa mawili, kama cha beji za shule na za mikutano ya kampeni, basi rudisha na uende zako. Wakati ule walitumia pini ndefu yenye bawaba na ndoano, sindano, au kifungo cha kupitisha kwenye tundu la ukosi wa koti.

Kisha kuna uzee wa kutengeneza. Metali mpya hulowekwa kwenye siki na chumvi, hupakwa kiwi ya viatu, hufukiwa kwenye samadi wiki mbili. Uzee wa namna hiyo huenea sawa kila mahali, hata chini ya pini na ndani ya herufi. Uzee wa kweli hauna usawa. Sehemu zilizoinuka, zilizosuguliwa na kitambaa na vidole, huwa zimelika na kung'aa. Mabonde huwa na weusi wa miaka. Chini ya pini, pasipofikiwa na mkono, metali huwa karibu na rangi yake ya awali. Nusa pia. Beji inayonuka siki haijakaa ardhini miaka themanini.

Beji ya dhahabu

Aina moja inastahili kutajwa pekee kwa sababu ndiyo inayotumiwa kuwaliza watu fedha nyingi. Oktoba 1933 kiliamuliwa kiwekwe kitambulisho cha heshima kwa wanachama wa mwanzo: beji ileile ya chama ikizungukwa na taji la majani lililochovywa dhahabu. Ilitolewa kwa wale ambao namba yao ya uanachama ilikuwa chini ya 100,000 na hawakuwahi kukatiza uanachama wao, watu wapatao 22,000. Ilikuwa na ukubwa wa aina mbili, milimita 30 kwa sare na karibu milimita 24 kwa koti la kiraia, na ilitengenezwa na Josef Fuess na Deschler, wote wa München. Namba ya mwenyewe ilichongwa mgongoni.

Namba hiyo ndiyo mtego wa anayeghushi. Chama kilianza kuhesabu wanachama wake kutoka 501, si kutoka 1, ili kionekane kikubwa. Hata Hitler mwenyewe aliandikishwa kwa namba 555, ingawa chama kilipoundwa upya mwaka 1925 namba zilianza tena kutoka 1, na yeye ndiye aliyepewa namba 1. Beji ya dhahabu yenye namba 412,000 haiendani na sharti la namba iliyo chini ya 100,000. Zilikuwapo za kipekee zilizotolewa kwa watu waliopendelewa, zikiandikwa herufi A.H. na tarehe badala ya namba ya mapema, na kwa kuwa wanaoghushi nao wamelisikia hilo, beji yenye A.H. inahitaji shaka maradufu. Na neno "dhahabu" lisimdanganye mtu: ni metali ya kawaida iliyochovywa. Sonara akikuambia kwamba ni dhahabu tupu, basi umepata ushahidi kwamba si beji halisi.

Karatasi zinazoandamana nayo

Beji inayokuja na "cheti cha uhalisi" chenye mihuri mingi haijawa halisi zaidi kwa sababu ya cheti. Uliza cheti kimetolewa na nani, anaishi wapi, na kama yuko tayari kurudisha fedha iwapo amekosea. Vitabu vya uanachama navyo vinaghushiwa. Kwa karatasi kuna kipimo kizuri: taa ya miali ya urujuani, kama zile za benki za kukagulia noti. Karatasi za kisasa huwekwa dawa ya kuzing'arisha ambayo haikutumika viwandani hadi baada ya vita, nazo chini ya taa hiyo hung'aa rangi ya buluu. Kitabu kinachodai kuwa cha mwaka 1936 kikiwaka hivyo, muuzaji ana maelezo ya kutoa.

Upande wa sheria

Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai katika nchi zote za ukanda huu, na halifutiki kwa kuvuka daraja au mto. Anayeuza nakala na kusema ni nakala hajatenda kosa hilo. Anayeuza nakala akisema ni halisi, huku akijua, ametenda. Anayenunua bandia kisha, baada ya kuambiwa ukweli, akamtafutia mjinga mwingine wa kumuuzia naye ameingia kwenye kosa lilelile. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu wengi waliodanganywa hushawishika kuirudisha hasara yao kwa njia hiyo.

Kuchimba kwenye makaburi, magofu ya maboma na mahandaki ya vita bila kibali ni kosa jingine, na ni hatari. Risasi na mabomu ya mwaka 1916 hayajasahau kazi yake. Ukikutana na chuma chenye umbo la risasi kubwa au yai, usikiguse, usikitikise, weka alama mbali nacho na utoe taarifa.

Anayefikiria kutuma beji Ujerumani ajue kwamba sheria ya jinai ya huko inakataza kuonyesha hadharani na kusambaza alama za chama cha Nazi, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka mitatu, isipokuwa kwa ajili ya elimu, utafiti, sanaa au kumbukumbu ya historia. Austria nayo ina sheria kali. Kwa hiyo "Mzungu wa Berlin" anayesubiri kifurushi cha beji 100 kwa posta ni mtu wa kutiliwa shaka mara mbili.

Kuna vijana waliozivaa beji hizi kwenye kofia kama pambo. Hakuna sababu ya kumpiga wala kumtukana kijana wa namna hiyo; aelezwe. Waliozivaa mwanzo walikuwa wanachama wa chama kilichowaua Wayahudi milioni sita, pamoja na mamilioni ya watu wengine, na kilichomhesabu Mwafrika kuwa si binadamu kamili. Mahali pa beji halisi ni makumbusho au kabati la mwanahistoria.

Ukiuziwa au ukiletewa

Usiisafishe. Brashi, ndimu na dawa ya kung'arisha hufuta ushahidi uleule ambao ungekusaidia. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, si ya nailoni, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu. Ipige picha mbele, nyuma na ubavuni pamoja na rula, kwenye mwanga wa mchana na bila kutumia mwako wa kamera. Hifadhi ujumbe wote wa simu wa muuzaji na wa "wakala", pamoja na risiti za fedha ulizotuma kwa simu. Namba hizo mara nyingi hutupeleka kwa mtu mmoja.

Fika katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe, upande wowote wa mpaka unaoishi. Afisa wa zamu ataandika maelezo, ataeleza beji ilivyo (ukubwa, rangi, maandishi ya mgongoni kama yanavyosomeka hata kama hayaeleweki), na atakupa hati ya mapokezi yenye namba ya jalada. Polisi haitakutajia bei yake, wala haitaitangaza kuwa halisi au bandia pale kaunta. Kazi hiyo hupelekwa kwa wataalamu wa makumbusho. Ikiwa umeirithi kihalali na hakuna kosa lililotendeka, utarudishiwa. Njoo na kitambulisho chako, na kama uliinunua mbele ya shahidi, njoo naye.